Bonde la Akiba: Shimo Lisilojaa

Simu ilikuwa ya Keekee, na Keekee si mtu wa kupiga simu ovyo.

Hapo ndipo kalamu yangu ilipotulia Jumamosi iliyopita, msomaji. Mhandisi amesimama mbele ya madiwani, fimbo ya kuonyeshea ramani mkononi. Mkurugenzi wake ameketi pembeni, uso umemkunjuka kama baba wa bibi harusi. Mikono ya kupiga kura imeshaanza kunyanyuka. Simu ikatetemeka mezani, akaikata. Ikatetemeka tena, akaikata. Mara ya tatu akaomba radhi, akageukia ukutani, akaiweka sikioni.

"Mama," Keekee alisema, kama mafundi wote wanavyomwita Mhandisi, "shimo linakunywa."

Kwa aliyejiunga nasi leo, nimshike mkono asije akapotea. Mji huu una bwawa moja, la zamani, na kila mvua inyeshapo mito hulimwagia tope. Tope linapanda, maji yanashuka. Waliotangulia waliliona hilo mapema, wakatenga bonde la pili huko nyuma ya vilima, wakaandika juu ya ramani neno moja: Akiba. Yaani hapa pasijengwe, siku moja patakuwa bwawa la wajukuu.

Lakini ramani haina mdomo wa kufukuza watu. Mmoja akajenga kibanda, wa pili akajenga nyumba, wa tatu akafungua duka, na leo bondeni kuna mitaa, shule na makaburi. Kazi ya Mhandisi, tangu akabidhiwe idara ya mipango ya maji, ni kulirudisha bonde lile kwenye maji. Watu wahame, ukuta ujengwe pale shingoni bonde linapobanwa na vilima viwili, mji upate kunywa kwa miaka hamsini ijayo.

Na mmoja wa watu wa kuhama ni dada yake, wa tumbo moja.

Sasa turudi ukumbini. Mhandisi alimnong'oneza Keekee asiguse kitu mpaka afike. Alipogeuka, mikono yote ilikuwa juu. Mpango umepita. Madiwani walipiga makofi, wengine wakagonga meza, na Mkurugenzi akaja kumpa mkono mbele ya wapiga picha.

Akamuuliza mbona mkono umekuwa wa baridi. Mhandisi akasingizia kiyoyozi.

*

Keekee ndiye fundi wa kuchimba. Jina hilo, la chombo cha kutobolea, alipewa na wenzake kwa sababu mtambo wake wa kutoboa miamba huuita "mke mdogo," na akiwa kazini huubembeleza kwa maneno ambayo mke mkubwa hajawahi kuyasikia. Mnene, mcheshi, hapitishi saa bila mzaha. Siku ile Mhandisi alimkuta amekaa juu ya ndoo, mikono magotini.

Kazi yenyewe ni rahisi kuielewa. Ukuta wa bwawa hauzuii maji peke yake; mwamba ulio chini na ubavuni lazima nao uzuie. Kwa hiyo kwanza unatoboa mashimo marefu kwenye mwamba, unayajaza maji, unatazama. Maji yakitulia, jenga. Mashimo ya mwanzo yalikuwa yametulia kama glasi mezani. Hili la bega la kushoto la bonde lilikuwa la mwisho, la kukamilisha utaratibu tu. Mkurugenzi alikuwa amesema kura ya mji haiwezi kusubiri shimo moja. Mkamia maji hayanywi, wahenga walisema, lakini nani angemwambia bosi?

Keekee alikuwa amemimina lori zima la maji tangu asubuhi. Hakuwahi kuyaona yakipanda.

Mhandisi alianza kwa kumlaumu. Alisema mpira wa kuzibia umepasuka, alisema bomba halikukazwa. Keekee hakubishana. Alivuta mabomba na vifaa vyote juu, akampangia chini kimoja kimoja, akamwacha akague mwenyewe kwa vidole. Vyote vizima.

"Rudia," Mhandisi alisema.

Lori la pili likaja. Lilikuwa limepangiwa kwenda mtaa ambao bomba lake halijatoa tone mpaka mwezi umeandama mara mbili, na watu wakalifuata kwa miguu na ndoo zao, wakidhani limepotea njia. Wakasimama kando kutazama maji safi yakiingia ardhini. Hawakufanya fujo. Mama mmoja tu ndiye aliyesogea akamuuliza Keekee, kwa upole kabisa, hilo shimo lina watoto wangapi.

Keekee, mtu wa mizaha, aligeuka akakaza bomba.

Kisha, jua lilipoanza kuinama, maji yakaonekana. Yalipanda taratibu ndani ya bomba, yakafika mdomoni, yakasimama. Mhandisi alikaa chini kwenye vumbi na suti yake ya ukumbini. Akacheka peke yake. Akampigia Mkurugenzi, na Mkurugenzi akapokea upesi, maana habari za wasiwasi zilikuwa zimeshamfikia.

"Limejaa, mzee," alisema. "Limejaa na limetulia."

Neno halijamtoka vizuri, maji yakashuka mara moja, kama mtu aliyemeza mate. Shimo likabaki jeusi.

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Alijua lililobaki kufanywa, na alitamani asingelijua. Akamwambia Keekee amwage rangi. Ni unga wa kijani usiodhuru, mafundi huutia kwenye maji wapate kujua yanatokea wapi. Wakatia unga, wakasukumia maji yaliyobaki, wakangoja. Keekee alisema huenda yakachukua siku nyingi, huenda yasionekane kabisa. Alisema hivyo mara kadhaa.

Kelele zilitoka upande wa chini, nje ya shingo ya bonde, ng'ambo ya pale ambapo ukuta ungesimama. Palikuwa na chemchemi huko zamani. Ilikufa watu wakaisahau, wakapafanya pahali pa kutupia takataka. Mhandisi alikimbia, viatu mkononi.

Chemchemi ilikuwa imefufuka.

Maji yalichuruzika kutoka kwenye ufa wa jiwe, ya kijani kibichi kama majani ya mgomba, na watu walikuwa wanacheka. Wengine wameshaosha watoto, na watoto wamekuwa na vichwa vya kijani. Mzee mmoja ameinua mikono anashukuru Mungu. Wachache walikuwa na shaka na rangi ile, na walipomwona mama wa idara ya maji wakamuuliza kama yananyweka.

Alijibu kwamba rangi haina madhara. Hilo lilikuwa kweli.

Wakamshukuru. Walisema walikuwa wanambeza aliposema bonde hili lina maji, kumbe mwenzao anajua kazi yake. Msichana mmoja akamkabidhi kikombe anywe wa kwanza. Alikunywa. Angefanyaje?

Keekee alikuwa amesimama nyuma yake, anahema kwa ule unene wake. Alisubiri watu wasogee, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, mlima ni chujio. Utajenga ukuta hapa, maji yatapita kule ubavuni yakuage."

Maji ya lori yalipokwisha, chemchemi nayo ikakatika. Watu hawakuondoka. Waliweka ndoo zao kwenye foleni, wakakaa kuingoja irudi.

*

Asubuhi yake Mhandisi alikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi kabla katibu muhtasi hajafungua madirisha.

Msomaji anayetarajia bosi mwenye tumbo na roho ya shetani, nitamkosesha raha. Mkurugenzi alikuwa mtu mwembamba, mwenye kikohozi, aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Ndani ya ofisi yake kulikuwa na sinki, na chini ya sinki pipa la plastiki lenye kata, kama nyumbani kwa mtu yeyote. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza kuhusu saruji. Je, hatuwezi kusukumia saruji kwenye nyufa?

Mhandisi akamweleza kwamba tungeziba ufa tunaouona, na nyuma yake kuna pango, na nyuma ya pango kuna ufa mwingine. Mlima ungekula saruji kama ulivyokunywa maji, na usishibe.

Wakarudia njia nyingine, moja moja. Mto wa juu umeshashikwa na wenzao wa juu. Visima vya tambarare vimeingia chumvi. Bahari iko mbali na iko chini, na kuyasafisha maji yake na kuyapandisha huku kunataka umeme ambao mji hauna hata wa kuwashia taa za barabarani. Walizipitia zote kama watu wanaopekua mifuko ya koti wanalojua ni tupu.

"Nitafutie bonde lingine," Mkurugenzi alisema.

"Hakuna lingine."

"Tope litafika kwenye mdomo wa bomba lini?"

Mhandisi alimwambia kwamba watoto walioanza darasa la kwanza mwaka huu hawatamaliza shule bwawa la zamani likiwa bado bwawa. Mkurugenzi akakohoa, akachota maji kwa kata, akanywa nusu, nusu akairudisha pipani.

Ndipo akasema maneno yake, na mimi nayaleta kama alivyoyasema, kila mtu ahukumu mwenyewe.

"Ukitangaza leo, mwenye uwezo atahama kesho. Daktari atahama, mwalimu atahama, mwenye kiwanda atahama. Atakayebaki ni yule asiye na pa kwenda, na hata hicho kidogo kilichopo hakutakuwa na mtu wa kumsukumia. Mji huu una miaka kadhaa ya kuishi. Usiinyang'anye kwa mdomo."

"Na watu wa bondeni? Wahame kwa ajili ya bwawa ambalo halipo?"

Hapo Mkurugenzi alimshangaza. Alivuta karatasi mbele yake, akaandika kwa mkono amri ya kusimamisha uhamishaji. Sababu akaweka kwamba idara inasubiri mvua zipite. Akasema yeye si mnyama. Muda waliopewa watu wa bondeni ulikuwa bado. Matingatinga hayajatoka yadi. Hakuna nyumba hata moja iliyoguswa. Kila mtu abaki kwake. Alichoomba yeye ni kimoja tu: Mhandisi afunge mdomo kwa sasa, mpaka watakapopata la kuwaambia watu.

Akakubali.

Usimcheke. Ungekuwa wewe, umetoka kuzika ndoto ya maisha yako kwenye shimo la Keekee, halafu mtu akakukabidhi kitu kimoja cha kuokoa, ungekipokea. Alishuka ngazi za ofisi akijiambia: mji umekosa maji, ni kweli, lakini angalau dada yangu hatakosa nyumba.

*

Dada yake tunamwita Mama Cherehani, kama unavyomwita mtaa mzima. Mama yao alipofariki, Mhandisi alikuwa hajafikia urefu wa meza. Dada mtu ndiye aliyemvika, ndiye aliyemshonea sare za shule kwa vipande vilivyobaki vya nguo za watu, kiasi kwamba sketi moja ilikuwa na bluu za aina tatu. Alimsomesha kwa kanyagio la cherehani mpaka akawa huyo mnayemwita Mhandisi.

Jina la dada yake lilipotokea kwenye orodha ya wa kuhama, hawakuzungumza kwa muda mrefu. Jumapili iliyopita ndipo mdogo mtu alipojikaza akaenda. Alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akaeleza kila kitu: tope, bomba, wajukuu. Dada yake alikuwa anashona pazia, hakuinua macho. Mwishowe Mhandisi akasema neno ambalo hajawahi kulisema kwa mtu.

"Dada, nakuapia kwa kaburi la mama. Ukihama hapa, maji yatakuja."

Mama Cherehani alikata uzi kwa meno, akaendelea kukanyaga. Mhandisi akaondoka akijua ameshindwa, na leo alipokuwa njiani kwenda kule alishukuru Mungu kwamba alishindwa.

Gari lilipokata kona ya kuingilia bondeni, alisikia mlio. Akadhani ni tingatinga, akamwambia dereva aongeze mwendo. Alikuwa na ile amri ya Mkurugenzi kwenye mkoba, angesimama mbele ya hilo tingatinga kama nguzo. Lakini tingatinga huunguruma. Mlio huu ulikuwa wa kugonga, mwingi, mahali pengi, kama mvua ya mawe juu ya bati.

Zilikuwa nyundo.

Mtaa mzima ulikuwa unajibomoa. Vumbi limetanda mpaka shuleni. Mabati yamepangwa kando ya njia, fremu za milango zimeegeshwa kwenye vitanda, kuku wamefungwa miguu. Watu wanaitana, wanapokezana matofali, kama watu walio kwenye kazi ya shangwe. Nyumba ya dada yake ilikuwa imebaki ukuta mmoja, na juu ya ukuta huo ameketi shemeji yake, mwashi, mweupe kwa vumbi, anaung'oa tofali kwa tofali ule ukuta alioujenga kwa mikono yake tangu walipooana.

Mama Cherehani alikuwa chini, anabandua udongo mkavu kwenye matofali. Alipomwona mdogo wake akanyanyuka, akajifuta, akamkumbatia. Hakuwa amemkumbatia tangu ile orodha itoke.

"Umekuja kukagua?" akasema. "Kagua. Hutakuta kosa."

Akamsimulia huku anacheka. Baada ya ile Jumapili hakulala. Aliyageuza maneno ya mdogo wake huku na huku kama kitambaa anachotafutia upande wa mbele. Kisha akajiambia, huyu mtoto nimemlea mwenyewe, amewahi kunificha maziwa, amewahi kunificha mvulana, lakini hajawahi kuapa kwa mama. Basi ni kweli. Akainuka, akapita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia majirani kwamba anayebomoa mwenyewe anaokoa mabati, anayengoja tingatinga anaokoa roho. Wengi walikataa. Leo asubuhi alimwambia mumewe apige nyundo ya kwanza kwake mwenyewe, watu waone. Waliona. Kufikia saa za chai nusu ya mtaa ilikuwa chini.

Jioni hii wangelala kwenye viwanja vipya, ng'ambo ya barabara kuu, chini ya maturubai. Huko hakuna bomba, hakuna mti, hakuna choo. Wangevumilia, Mama Cherehani alisema. Ni kwa muda tu.

Mhandisi alimvuta mkono mpaka nyuma ya rundo la mabati.

"Dada, waambie waache."

Akamwambia. Hakuzungusha maneno: shimo, rangi, chemchemi, Mkurugenzi. Hakuna bwawa, hapa wala pengine. Maji hayaji.

Mama Cherehani alikuwa bado ameshika tofali. Aliendelea kulibandua udongo kwa kucha, polepole, mpaka likawa safi pande zote.

"Umejua lini?"

"Jana. Jana jioni."

"Jana jioni," dada yake alirudia, "tulikuwa hatujagusa hata tofali moja."

Mhandisi alitaka kusema kwamba ilibidi kwanza aende ofisini, kwamba kuna utaratibu, kwamba alidhani muda upo. Kutoka lile shimo mpaka mlango wa dada yake ni mwendo wa kupanda kilima kimoja. Jana alikuwa pale pale, ana kikombe cha maji ya kijani mkononi. Aligeuza gari akarudi mjini.

Dada yake hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Wakati huo huo akatokea Mama wa Kona. Huyu ni jirani, mjane, mtu mzima wa kutembea kwa kujishikiza. Nyumba yake ndiyo ilikuwa bado imesimama nzima pale mwisho wa mtaa, maana mumewe amezikwa nyuma ya jiko na alikuwa ameapa hatabanduka. Sasa alikuwa na nyundo ya kuazima, ameikumbatia kama mtoto.

"Mama Cherehani, nimekubali," alisema. "Wote mkiondoka nitabaki na nani? Nianze wapi, mlango au dirisha?"

Mhandisi alimtazama dada yake. Dada yake hakumtazama.

"Anza na mlango," Mama Cherehani alisema.

"Usianze, mama," Mhandisi alisema. "Rudi ndani. Usiguse kitu."

Nyundo za karibu zilinyamaza. Shemeji mtu, kule juu ukutani, akainamisha shingo, akauliza kuna nini, shemeji anasemaje. Watu wakaanza kugeuza vichwa. Ilikuwa ni pumzi moja tu ya kusema ukweli, na Mhandisi aliivuta pumzi hiyo. Dada yake akamtangulia.

"Anamwonea huruma mama wa watu kwa uzee wake," alisema kwa sauti ya kufika mbali, sauti ya kawaida kabisa. "Anasema vijana wamsaidie. Endeleeni, giza lisitukute."

Nyundo zikarudi. Mhandisi alipiga kelele, akasema bwawa halipo, akasema acheni, lakini mtaa mzima ulikuwa unagonga na sauti yake ilizama humo. Kijana mmoja aliyemwona akipunga mikono akampungia naye, kwa furaha.

Dada yake alimkamata kiganja, akakibana mpaka kikauma.

"Sikiliza," alinong'ona. "Hawa hawakukuamini wewe. Wewe walikuwa wanakucheka. Waliniamini mimi. Mimi ndiye niliyebisha hodi kwao, na mimi ndiye nitakayelala nao kule vumbini leo, na kesho, na mwakani. Unataka niwatazame kwa macho gani?"

"Wataujua tu ukweli, dada."

"Wataujua. Ila si leo. Leo wape japo walale."

Hapo ndipo walipokumbuka kwamba hawako peke yao. Mama wa Kona alikuwa hajaondoka. Masikio yake yalikuwa na uzito kwa maneno ya mbali, lakini hapa alikuwa amesimama karibu nao kuliko tofali na tofali.

"Kwa hiyo maji hayaji," alisema.

Hakuwa anauliza.

Mjane yule aliilaza nyundo chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu kinachotakiwa kurudishwa kizima. Akakaza kitambaa chake kichwani, akawapa mgongo, akaanza kutembea kuelekea katikati ya mtaa, kule nyundo zilikokuwa nyingi na wanaume wengi.

Mama Cherehani alikiachia kiganja cha mdogo wake.

"Mzuie," alisema. "Mimi miguu yangu hainyanyuki. Kama ni kweli nimekulea, mzuie."

Mama wa Kona alikuwa anatembea polepole, akijishikiza kwenye kuta ambazo bado zilikuwepo. Kumfikia hakukuhitaji mbio.